Sifa za Bawabu wa Ndere

Katika ukanda wote wa ziwa, kuanzia Kisumu hadi Mbita, hakuna mtumishi wa umma anayeshika zamu yake kwa uaminifu kama gugumaji, na ni aibu kwamba Siku ya Mashujaa hupita kila mwaka bila yeye kuvishwa nishani. (Nitasema “yeye”, maana cheo kina heshima yake.) Kazi yake ni kufunga. Kisiwa cha Ndere, chenye kilomita za mraba zipatazo 4.2, ni mbuga ya taifa tangu 1986 na hakifikiki ila kwa mashua. Basi mfikirie mgeni aliyeteremka kutoka Mara kupitia Kisii na gari lenye kitanda, jiko, friji na choo, kiingilio keshalipa kwa eCitizen akiwa bado chini ya blanketi. Anafika ufukweni akitarajia maji na kukuta shamba la kijani linalopumua polepole. Gari lake lina kila kitu isipokuwa uwezo wa kutembea juu ya majani. Mbuga imefungwa, na aliyeifunga hakuandika hata barua.

Ufungaji wa namna hii unastahili kuchunguzwa, kwa kuwa binadamu wamejaribu kufunga vitu na wameshindwa vibaya. Serikali ya Marekani ilifungwa kwa siku 35 kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 kwa ugomvi wa bajeti; mbuga nyingi zikabaki wazi bila walinzi wa kutosha, takataka na vyoo vikafurika. Hata kufunga huko hakukufunga. Kwetu, uvuvi wa omena husimamishwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, na shughuli hiyo inadai tangazo, maafisa, doria na vitisho. Gugumaji anahitaji upepo tu. Ukivuma kuelekea Kisumu, anafunga Kisumu; ukigeuka, anahamia Kendu Bay au Homa Bay, nao wa Kisumu wanapewa likizo. Huo ni ugatuzi kamili, tena bila kaunti moja kulalamika kwamba imepunjwa. Hana mfuko wa kutilia kitu kidogo. Hasemi “njoo kesho”, wala hamjui mtoto wa nani ni nani: mashua ya waziri na mtumbwi wa yatima vinakwama kwa kipimo kimoja. Akihitaji wasaidizi hatangazi nafasi gazetini. Anaweza kujizidisha maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi, na mbegu zake hulala kwenye tope miaka 15 au zaidi zikisubiri kuitwa kazini, bila mshahara wala chama cha wafanyakazi. Mwaka 1998 alifunika zaidi ya hekta 17,000 za Ghuba ya Winam na kuizingira bandari ya Kisumu, hiyo ambayo reli ya wakoloni iliifikia 1901 kwa gharama ya fedha na maisha. Yeye aliifikia kwa kuelea.

Tena ni mkuzaji wa utalii wa ndani. Anapoziba njia ya feri kati ya Luanda Kotieno na Mbita, mgeni aliyekusudia kuvuka kwenda Ruma kuwatazama korongo, swala ambao Kenya nzima wamebaki huko tu, hulazimika kurudi kwa barabara kupitia Kisumu, Katito na Kendu Bay. Njiani ananunua mafuta, mahindi ya kuchoma na pancha mbili. Nani mwingine ametawanya pesa za watalii vijijini namna hiyo?

Fadhila zake nyingine nitazipitia mbiombio. Ua lake la zambarau linapendeza. Ndilo lililomtoa Amazon na kumsambaza duniani kama pambo. Akikaushwa anasukwa vikapu na viti. Kamongo, ambaye hupumua hewa, hamlalamikii.

Atapinga mvuvi wa Dunga kwamba nyavu zake zimemezwa, injini imenaswa, na watoto hawajui mzaha huu. Ana haki. Lakini amuulize bawabu analishwa na nani. Mmea huu hauli upepo. Unakula naitrojeni na fosforasi, na hivyo vinateremka na udongo wa mto Nyando, na mbolea ya mashamba ya juu, na maji taka ya jiji ambalo Mei 2022 lilifagiliwa na kupakwa rangi kwa ajili ya wageni wa Africities. Kinyesi chetu kinaingia ziwani mchana kweupe, kisha tunasimama ufukweni tukiuliza majani haya yametoka wapi! Kutoka kwetu. Kisumu hiyohiyo ina makao ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, ina makao ya Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ziwa iliyoundwa 1979, ina kituo cha watafiti wa uvuvi, na serikali ya kaunti juu yake. Bado bomba la choo ndilo lenye msimamo thabiti kuliko wote. Samahani, nimepaza sauti. Hizi ni sifa.

Mwingine atasema bawabu huyu si mkamilifu, aliwahi kushindwa na mdudu. Kweli, fukusi walioachiliwa kuanzia 1997 walimtafuna, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa amepungua sana. Lakini fukusi hula jani, hawazibi bomba. Meza ikabaki imeandaliwa, naye akarejea kwa kishindo baada ya mvua za mwaka 2006. Mradi wa mazingira wa ziwa uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ukapata awamu ya pili mwaka 2009, pamoja na semina, posho na vizibao vya kuokolea maisha majini vilivyoandikwa jina la mradi. Na kabla ya hapo, ilipoamuliwa apigwe kwa mashine, zililetwa za kumkatakata na kuacha vipande vizame palepale. Vikaoza chini, vikawa mbolea. Yaani bawabu alitumbukiziwa chakula cha mchana hapohapo zamuni, na bili ikalipwa na umma.