Kardani ya Gari la Kiingereza Ikiharibika Butembo

Kardani ni bomba la chuma linalolala chini ya gari, kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma, na kazi yake ni kupeleka mzunguko wa injini kwenye magurudumu. Kila mwisho una kiungo chenye msalaba wa chuma, na kila mkono wa msalaba huo umevishwa kikombe kidogo chenye beringi za sindano. Upande mmoja kuna meno yanayoteleza, ili kardani irefuke na kufupika kila ekseli inapopanda na kushuka kwenye mashimo. Waliobuni MGB, gari la michezo lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, walikadiria mashimo ya Uingereza. Kuhusu kilomita 54 za kutoka Butembo hadi Beni hawakuulizwa. Gari lenyewe limeinuka kutoka ardhini kiasi cha inchi 5 tu, kwa hiyo jiwe ambalo Fuso hulipita bila kulijua, MGB hulipokea tumboni.

Kardani haifi ghafla. Hutoa taarifa mapema, na shida ni kwamba taarifa hizo zina wasomaji wengi mno. Mlio mwembamba, kama wa kifaranga, gari linapotembea polepole, ni beringi za sindano zilizokauka grisi na kuanza kushika kutu. Kishindo kimoja kikavu dereva anapoachia klachi ni msalaba uliolegea kwenye vikombe vyake. Mtetemo unaoanza gari likichanganya mwendo, ukapanda kupitia kiti hadi kwenye meno ya dereva, ni bomba lililopinda, au lililodondosha kile kibati kilichochomelewa kusawazisha uzito. Hayo ni ya kitabuni. Barabarani, mwenye gari husimama pembeni na kufungua boneti, jambo lisilosaidia chochote kwa kuwa kardani iko chini, na kabla hajainuka motari wawili, mama muuza mkate na mzee aliyewahi kuendesha Bedford wamekwisha kutoa ripoti nne tofauti. Ya mzee ndiyo ya kusikilizwa, hata kama inaanzia zama za Zaire.

Chanzo mara nyingi ni usafi. Tope jekundu la Butembo huganda kwenye viungo, gari likapelekwa kuoshwa kwa pampu yenye nguvu, na maji yanayoondoa tope nje hupenya mipira ya vikombe na kuondoa grisi ndani. Gari hurudi nyumbani likimeremeta, na baada ya siku chache huanza kulia.

Hatua inayofuata ni maduka ya vipuri. Butembo si mji wa kudharauliwa kwa biashara: wafanyabiashara wake wa Kinande wamezoea Dubai na Guangzhou tangu zamani, na wamekuwa wakichangiana kontena moja ili kila mmoja alete chake kwa nauli nafuu. Karibu kila kitu kinachotengenezwa duniani kinaweza kufika Butembo, sharti wawepo wanunuzi mia. Kardani ya MGB ina mnunuzi mmoja, na huyo anaomba kupunguziwa bei. Ndiyo maana rafu zimejaa vipuri vya kile ambacho mji unaendesha: Toyota, Fuso, pikipiki za TVS na Boxer.

Mwenye gari huweka kardani iliyovunjika juu ya meza ya duka. Muuzaji huigeuza, huipangusa kwa kidole, kisha huuliza swali ambalo litaulizwa katika kila duka mpaka jioni: “Patroni, iko ya Toyota gani?” Akiambiwa si ya Toyota hata kidogo, hucheka kwa upole, kama mtu aliyezoea wateja wanaojificha, na kumtuma kijana stoo. Kijana hurudi na kardani ya Hiace. Inazidi urefu kwa kiganja kizima. Muuzaji huitazama, huitazama ile nyingine, na kutamka kwamba tofauti ni ndogo.

Hapa ndipo penye kichekesho chenyewe, maana kipuri hiki si adimu. MGB, pamoja na ndugu zake wenye paa, zilitengenezwa zaidi ya nusu milioni, na wapenzi wake hawakukubali lizeeke: tangu 1988 hata bodi yake nzima imekuwa ikitengenezwa upya huko Uingereza. Mtu wa Birmingham hupiga simu asubuhi, na kardani mpya inaondoka dukani siku hiyohiyo. Ukilinganisha, mwenye Toyota ya miaka ya tisini anaweza kuhangaika zaidi kupata taa ya nyuma. Kipuri kipo, kina namba, kina bei. Kiko mbali tu.

Anayeagiza lazima ajue mambo mawili: gari ni la mwaka gani, na kardani ina urefu gani. La kwanza linaonekana rahisi. Lakini MGB ilibadilishiwa giaboksi mnamo 1967, na ekseli ya nyuma pia ilibadilika katika miaka hiyo, na kardani zikafuata mabadiliko hayo. Gari lililopita mikono saba linaweza kuwa na hati ya 1965, giaboksi ya 1970 na ekseli ambayo hakuna anayetaka kueleza ilikotoka. Hati hazisemi lililo chini ya gari. Anayesema ni yule aliyelala chini na tochi.

La pili ni kipimo, na kipimo huchukuliwa kutoka uso wa flanji ya giaboksi hadi uso wa flanji ya difu, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Likiinuliwa kwa jeki, ekseli hushuka na urefu hubadilika. Fundi asiye na futi mkononi hutumia uzi, akafunga fundo, na uzi huo huenda kupimwa ofisini kwa mtu mwenye rula ya shule. Namba inayopatikana, tuseme 79, hutumwa kwa WhatsApp kwa shemeji aliyeko London, pamoja na picha ya kardani iliyolazwa kando ya kalamu ya Bic. Bila kuandikwa kwamba ni sentimita, 79 huko Uingereza husomwa inchi, ambazo ni mita mbili kamili. Muuzaji wa huko, kwa adabu ya taifa lake, huuliza kama gari hilo ni basi.

Malipo nayo yana taratibu zake. Noti ya dola yenye mchaniko wa milimita mbili haipiti Beni wala Butembo, hata ingekuwa imetiwa sahihi na waziri wa fedha wa Marekani (na kwa kweli sahihi hiyo ipo). Hutafutwa noti nyingine, safi, isiyokunjwa, ikabebwa ndani ya daftari.

Mzigo hushuka Entebbe. Kutoka Kampala hupanda basi, ukasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Mpondwe, kisha ukavuka kuingia Kasindi-Lubiriha, ambako magari huacha kushika kushoto na kuanza kushika kulia. Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022, lakini kardani ya Birmingham haina uraia wa jumuiya hiyo, kwa hiyo ushuru unalipwa. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80 hivi, barabara iliyomo katika mpango wa ukarabati ulioanzishwa na Uganda na Kongo mwaka 2021, na ambayo kwa sababu za usalama hakuna mwenye akili anayeipita usiku. Bomba la chuma lenye urefu wa chini kidogo ya mita moja, lililoviringishwa kwa plastiki nyeusi, si mzigo wa kupita nao kimyakimya kwenye vizuizi vya Kivu ya Kaskazini. Wazoefu huliacha wazi na kulipaka grisi kidogo kwenye ncha. Askari akishalishika na kuchafuka mkono, maswali hupungua sana.

Wasioweza kungoja huenda kwa mkerezaji na mchomeleaji. Dawa yao ni hii: viungo vya MGB hukatwa kutoka kwenye bomba lililoharibika na kuchomelewa kwenye bomba la Hilux lililopunguzwa urefu. Ni kazi halali, hufanywa dunia nzima, lakini ina mtego mmoja. Kiungo cha msalaba kikizunguka kikiwa kimepinda, mwendo unaotoka haulingani na unaoingia: katika kila mzunguko mmoja bomba huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Kiungo cha pili kipo ili kufuta kosa la kile cha kwanza, na hakiwezi kulifuta isipokuwa masikio yanayoshika msalaba wa mbele na yale ya nyuma yawe yamelala sambamba. Mchomeleaji akikosea robo mzunguko, makosa mawili hujumlishana badala ya kufutana, na gari hutetemeka mpaka kioo cha kutazamia nyuma kinaanza kuonyesha mbingu.

Mashine ya kusawazisha kardani haipatikani kila mahali, hivyo mafundi hutumia vibano viwili vya kukazia mpira wa rejeta. Magurudumu ya nyuma huinuliwa juu ya vigingi imara, injini ikazungushwa, kisha vibano hufungwa kwenye bomba na kusogezwa kidogokidogo, alama zikiwekwa kwa chaki, hadi mtetemo utulie. Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani ni ushirikina. Lakini vichwa vya vibano ndio uzito wenyewe: vikikutana upande mmoja huongeza, vikitazamana hufutana, na mahali pa katikati patafutwe kwa subira. Nguo inayoning'inia isikaribie hapo, na watoto waende kucheza kwingine.

Kardani ikishapatikana, mpya au ya kuunganishwa, kazi hukwama kwenye bolti nane: nne mbele, nne nyuma. Zile za zamani hazipo. Ziliwekwa kwenye kopo, na katika siku za kungoja kopo lilipata matumizi mengine. Mbili huonekana zikishikilia gurudumu la chukudu, lile toroli la mbao, linalopita na gunia la viazi. Za dukani ni za milimita: bolti ya milimita 10 haiingii kwenye tundu la inchi 3/8, kwa kuzidi chini ya nusu milimita tu, na ile ya 8 huingia na kucheza. Fundi hupendekeza kutoboa flanji. Akatazwe. Tundu likishapanuliwa limepanuliwa, na flanji ile ilikuja kwa ndege.

Msaada hutoka kwa Land Rover kuukuu, lile linalokaa kwenye ua wa parokia au shamba la kahawa likiwa na majani mpaka madirishani. Kardani yake imefungwa kwa bolti za inchi 3/8 za meno membamba, aina ya UNF, na magari mengi ya michezo ya Kiingereza ya wakati ule hutumia bolti za ukoo huohuo. Aliyelirithi gari hilo huwa hajalikumbuka kwa miaka mingi. Akisikia bolti zake zinatafutwa hutangaza kwamba alikuwa karibu kulifufua, na bei hupanda. Spana ya 14 haikubali kichwa cha bolti hizo, na ya 15 hukikwangua mpaka kikawa duara. Inayotakiwa ni ya inchi 9/16, nayo kwa kawaida hukutwa kwa fundi mmoja, mstaafu, asiyeazimisha vyombo vyake bali huja navyo mwenyewe na kukaa kwenye kiti akisimamia.

Kardani hufungwa kwa nati mpya za kujikaza, viungo hupigwa grisi mpaka ile chafu itoke kwenye mipira, na tope halipigwi tena pampu bali hukwanguliwa kwa mti. Baada ya kilomita mia chache bolti hukaguliwa na kukazwa upya, kwa spana ileile ya 9/16, ambayo wakati huo mwenyewe amekwenda nayo Kasindi.