Barua ya Wazi kwa Wizara ya Kilimo

YAH: MAOMBI YA KUPANDISHIWA BEI KWA TANGAZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwandishi wa barua hii anaipongeza Wizara kwa darasa la uchumi lililoendeshwa Mtwara na Lindi msimu wa korosho wa 2018. Wanafunzi walisoma bure. Ada alilipa mkulima.

Msimu uliotangulia, kilo ya korosho ilifika takriban shilingi 4,000 mnadani. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na bei zisizofika 3,000, wakulima wakagoma kuuza, na mali ilikuwa yao. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua yote kwa shilingi 3,300, na magari ya jeshi yakapewa kazi ya kuisomba. Bahati mbaya, korosho ghafi hubanguliwa zaidi Vietnam na India. Huko bei ilikuwa imeshashuka, na mnunuzi wa huko hapigi saluti.

Ukafuata uhakiki. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 ghalani alitakiwa aoneshe shamba, asije akalipwa kangomba, yule anayenunua korosho mapema kwa bei ya kutupa. Kangomba hana wa kumtetea. Hata hivyo, Wizara ingemtazama mwezi Juni: mikorosho inadai salfa, mgonjwa yuko hospitali, chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) hakina kitu, na anayebisha hodi na noti mkononi ni yeye. Akilipia leo mzigo wa Oktoba, mvua ikipukutisha maua, hasara anabeba yeye, na kwa hilo hutaka malipo. Anapunja, ndiyo, kwa sababu yuko peke yake. Angekuja kangomba wa pili na wa tatu kugonga mlango uleule, bei ingepanda bila polisi hata mmoja.

Januari 2019 kampuni ya Kenya, Indo Power Solutions, ilisaini kununua tani 100,000 za korosho hiyo kutoka kwa serikali. Miezi michache baadaye mkataba ukafutwa, mzigo ukiwa bado ghalani, na wapo wakulima walioingia msimu mpya wakiwa bado wanadai.

Kinachomsumbua mwandishi ni ubahili. Ikiwa bei hupanda kwa tangazo, kwa nini 3,300 tu? Anaomba 10,000. Na kama ipo sababu inayozuia 10,000, Wizara iiandike kwa kirefu, iibandike kwenye ubao wa kila AMCOS kabla ya mnada wa kwanza.