Goti la Chuma Halinywi Supu

Goti langu jipya ni chuma na plastiki ngumu. Halina damu, halina uroto, halijui njaa. Nimelieleza hili kwa kila mgeni aliyeingia kwetu Tabata tangu nitoke hospitali. Kila mmoja amenisikiliza kwa upole, kisha akafungua hotipoti yake. Ndani: kongoro.

Hoja yao ni kwamba supu ya miguu ya ng'ombe, ile inayonata mpaka midomo inashikana, huenda moja kwa moja kwenye viungo. Kinachonata pale ni kolajeni iliyochemka, na tumbo huimeng'enya kama protini nyingine yoyote. Hakuna anayeipa ramani ya kwenda gotini, na hata ikifika itakuta chuma.

“Chuma ndiyo kabisa kinataka grisi, baba,” shangazi akasema, akanijazia bakuli.

Jirani yetu wa Moshi yeye alileta mtori. Ndizi zimepondwapondwa na nyama, laini, kitamu hasa. Tatizo ni kwamba mtori ndicho chakula wanachopewa wazazi, na shemeji aliponikuta nimelala, shuka hadi kifuani, bakuli mkononi, akauliza mtoto amepewa jina gani.

Anayehitaji kulishwa ni kidonda, na msuli wa paja ambao husinyaa upesi usipotumika. Mtaalamu wa lishe alinipangia gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wangu, kwa siku. Nina kilo 80, kwa hiyo gramu 96. Yai moja lina kama gramu 6. Mke wangu akapiga hesabu, akapata mayai 16, akauliza kama hospitali ilinipa na kuku. Tukakubaliana maharage, mtindi, samaki, na dagaa, ambao kwa uzito wakikaushwa wanaipita nyama ya ng'ombe mbali sana kwa protini. Paka wote wa mtaa walianza kuja kunijulia hali. Binamu alikuja na bia, akaelezwa kwamba pombe na dawa kali za maumivu haziendi pamoja, akainywa yeye kwa niaba yangu.

Dawa hizo za maumivu zina tabia yake: zinalaza utumbo. Ongeza vidonge vya kuongeza damu, ambavyo navyo vinafunga choo, na ambavyo sikutakiwa kuvishushia chai kwa sababu chai huyazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Afadhali maji ya machungwa. Ongeza na ubishi wangu wa kutokunywa maji, maana kila glasi ilikuwa safari ya kwenda uani na fremu ya kutembelea, hatua kwa hatua, familia nzima ikishangilia. Msongamano uliotokea tumboni haujapata kuonekana hata Ubungo.

Tangu hapo hakuna aliyeniuliza habari za goti. “Umepata choo?” ndiyo ikawa salamu. Mchungaji aliuliza kabla ya kuomba. Mke wangu alikuwa akitoa taarifa kila asubuhi kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, neno moja tu: “Bado.”

Ukoo ukaingia kazini. Siku moja hiyohiyo likaja papai la Morogoro, likaja dumu la juisi ya ukwaju, likaja embe, na bibi mmoja wa mtaa wa nyuma akaleta uji wa ulezi aliouamini sana. Kukataa chakula cha mgonjwa ni kumtukana aliyekibeba. Nikala vyote.

Majibu yalikuja saa nane usiku, bila hodi. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa nilikuwa nimekatazwa, kwa hiyo fundi seremala alishatutengenezea kiti chenye tundu katikati. Ni kiti kizuri, kimepigwa vanishi. Usiku ule kilikuwa sebuleni, kimekaliwa na binamu aliyesinzia.

Mtaalamu wa mazoezi anasema mgonjwa asiharakishe. Sikumkumbuka. Binamu alifufuka ghafla, kiti kikanitangulia uani, na mlango ukafungwa.

Alfajiri mke wangu akaandika kwenye kundi: “Tayari.” Pongezi zikamiminika kutoka Arusha hadi Mtwara. Mjomba wa Mwanza, ambaye naye nyonga yake inasubiri zamu ya kubadilishwa, akauliza nikimaliza na kile kiti kama basi la usiku linaweza kukipakia.