Kidogo cha Waingereza

Leeds, Uingereza

Shangazi, shikamoo. Natumai hujambo, na wote hapo Tanga hawajambo. Mimi mzima, ila baridi ya huku inauma hadi kwenye fizi.

Ama baada ya salamu, ujumbe wako wa sauti nimeupata. Nimesikia kwamba mvua imenyesha, mbuzi kazaa mapacha, Babu anaumwa kidogo, na watoto wa jirani wamevunja kioo cha jikoni kwa mpira. Hongera ya mapacha. Mengine nitayajibu chini. Kwanza nikusimulie kisa cha pilau.

Unakumbuka nilivyowatangazia kwenye kundi la familia kwamba Wazungu wa kazini wameizimikia pilau yangu? Naomba radhi. Futeni.

Mambo yalikuwa hivi. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mwenzetu akiagwa, kila mtu huleta chakula. Mimi nikapika pilau kama ulivyonifundisha: vitunguu vikakaangwa mpaka rangi ya kahawa, bizari nzima, iliki, mdalasini, na nyama ikachemka na tangawizi mpaka ikakubali. Meneja akaonja kijiko kimoja, akatafuna kwa makini, akasema: "It's quite nice."

Sasa mimi, Shangazi, "quite" nilifundishwa sekondari. Mwalimu aliandika ubaoni kwa chaki: quite, kabisa. Basi, nzuri kabisa! Sikuridhika na shahidi mmoja, nikampigia binamu yangu aliyeko Minneapolis. Akasema kwao Marekani ukiambiwa "quite nice" umesifiwa sana, nenda kafungue hoteli.

Mwezi uliofuata akaagwa mtu mwingine. Nikapika kilo tano za mchele.

Walichota kama wanaochota dawa. Saa mbili usiku nilikuwa kwenye basi, ghorofa ya juu, sufuria limenijaa mapajani, nimelifunga kwa ile kanga uliyonipa siku naondoka, yenye maandishi *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Mgeni nilikuja. Mwenyeji alisema ameshiba. Basi zima linanukia iliki, na mimi nawaza nitakula pilau mpaka lini. Nyuma yangu bibi mmoja akainama, akaniambia chakula changu kinanukia "right good". Hapa Yorkshire "right" wakiiweka mbele ya sifa ni "sana" isiyo na mashaka. Nikamchotea papo hapo kwenye kopo. Huyo hadi leo ndiye mteja wangu pekee.

Aliyenifumbua macho ni bibi wa chumba namba tisa, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Na alinipata kwa kosa jingine. Nilikuwa zamu ya usiku, asubuhi nikaandika kwenye ripoti ya mzee mmoja: "He was quite all night." Nilikusudia "quiet", yaani alitulia. Nesi wa mchana akasoma, akanitazama, akauliza: "Quite nini?" Nikamjibu kwa kujiamini: "Quite, usiku kucha." Kuanzia siku hiyo, nikipita ukumbini, watu wananiuliza hali ya huyo mzee kwa neno hilo moja.

Nilimsimulia bibi wa namba tisa nikimpelekea chai. Alicheka mpaka nikamshikia kikombe. Kisha akaniambia nisione haya: hayo maneno mawili ni ndugu wa tumbo moja, yametoka kwenye neno la Kilatini *quietus*, lenye maana ya kutulia. Katika Kifaransa cha kale likawa na maana ya mtu aliyelipa deni akawa huru. Deni likiisha limeisha kabisa, ndipo Waingereza wakapata "quite" yao ya kwanza, ile ya ubaoni kwetu. Maana ya "kiasi" imekuja baadaye, ikaingia bila ya ile ya kwanza kutoka. Sasa zote mbili zinakaa nyumba moja, na mgeni hajui nani atafungua mlango.

"Basi nitajuaje?" nikamuuliza.

Akanionyesha. Kitu kinachopimika, kama utamu, baridi au ukubwa, "quite" hukipunguza. "Quite nice" ni kwamba inalika. "Quite cold" ni kwamba vaa sweta. Kitu kisicho na nusu, "quite" hukishindilia. "Quite dead" ni maiti, usimtikise. "Quite impossible" ni kwamba haiwezekani, usirudi kesho kuuliza. Kumbe mwalimu wetu hakukosea, Shangazi. Alitufundisha nusu ya neno, na pilau yangu ikaangukia nusu nyingine.

Haikuishia hapo. "Few" ni wachache, lakini "quite a few" ni wengi. Hapo nilitaka kurudisha sare ya kazi. "Not quite" ni bado kidogo. Na "Quite" ikisimama peke yake ni kukubaliana nawe, huku midomo imebanwa.

Juu ya yote kuna sauti. Ukikazia "nice", kuna matumaini. Ukikazia "quite", mpishi atafute kazi nyingine. Nikamwigizia meneja alivyosema. Akataka nirudie. Nilirudia mara nne. Ya nne akafumba macho, akanipapasa mkono.

Nikaona nijaribu sentensi yangu mwenyewe: "I am a quite good cook." Akatikisa kichwa: ile "a" hukaa baada ya "quite", siyo kabla. Nikanyoosha: "I am quite a good cook." Akasema sasa sarufi haina doa. Kuhusu ukweli wake, hakuwa ameonja.

Nikamwambia nyie Waingereza mtakuja kuuana kwa maneno haya. Akaacha kucheka. Akanisimulia habari za Vita vya Korea, Aprili 1951, kwenye Mto Imjin. Askari wa Uingereza wa kikosi cha Gloucestershire walikuwa wamezidiwa na jeshi la China. Inasimuliwa kwamba Brigedia Tom Brodie alipoulizwa hali na jenerali wa Kimarekani, alijibu kwamba mambo ni "a bit sticky", yaani yamekaba kidogo. Mwingereza mwenzake angesikia kilio. Mmarekani alisikia kidogo, akaona hao wanaweza kushikilia. Kikosi kilizingirwa, na zaidi ya askari 500 wakachukuliwa mateka.

Nilirudi nyumbani nikiwasema Waingereza moyoni, watu gani hawa wasioweza kusema kitu kikubwa kwa ukubwa wake. Kisha, naweka chai jikoni, yakaanza kunijia ya kwetu. Karani akikwambia "subiri kidogo", ulikuja na chakula? Mjomba akipiga simu kusema "nimekwama kidogo", hiyo ni ada ya mwaka mzima. Na mwaka ule, nikiwa bwenini, niliambiwa Bibi "hajisikii vizuri kidogo, ila wewe soma tu". Nilifika nikakuta watu wamekaa mkekani, wanakunywa kahawa chungu.

Nikauwasha tena ujumbe wako, Shangazi. Nikausikiliza mara nne, kama bibi wa namba tisa. Kwenye mvua sauti yako ni yako. Kwenye mbuzi unacheka. Ukifika "Babu anaumwa" unashusha pumzi, "kidogo" unaitamka upesi upesi, halafu mpira na kioo unavieleza dakika mbili nzima. Kioo gani hicho cha kuelezwa dakika mbili?

Asubuhi nilikwenda kuomba ruhusa. Meneja akauliza Babu ana hali gani. Nikavuta pumzi, nikasema: "He is quite ill." Kwa hesabu za darasa langu ningekuwa nimesema anaumwa kiasi. Lakini nililisema polepole, nikitazama meza. Meneja akaweka kikombe chini, akanitazama, akasaini fomu bila kuuliza swali la pili. Mwaka wa tatu nipo hapa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kulitumia neno lao likafika lilikotumwa.

Tiketi nimekata, naingia Jumamosi, Mungu akipenda. Mwambieni Babu anisubiri. Na kama nitamkuta barazani anacheza bao, kumbe kweli ilikuwa kidogo, basi na mimi nitakasirika kidogo.

Mwanao,
wa Leeds