Udongo wa Kuoshwa

Siku hizi ukitaka utambulike kuwa unajua maua ya ndani, usiguse udongo. Udongo ni wa wakulima. Jirani wa ghorofani ananunua vigololi vya mfinyanzi vilivyochomwa kwenye tanuri, nyuzi kama 1,200 hivi, hadi vikaumuka kama maandazi. Anaviosha, anaviloweka, anaviosha tena, ndipo apande monstera. Ukimwuliza, kwani mfinyanzi si udongo? Anakuangalia kwa huruma.

Haki yake tumpe: mizizi kwenye chungu huoza kwa kukosa hewa, na kati ya vigololi hewa inapita. Hata mashamba ya waridi Naivasha hutumia pamisi, lile jiwe jepesi la volkano, bila makeke yoyote. Ila jiwe halina chakula. Basi mbolea ya chupa inanunuliwa, asidi ya maji inapimwa, na kile kijiti cha kuonyesha kina cha maji kinachunguliwa usiku na mchana.

Binamu wa mmea huohuo yuko kwa bibi, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo, anakunywa maji yaliyooshea mchele. Ameshafika darini.