Chumba Kidogo, Lipu Tani Moja

Anayetaka kujifunza kupiga lipu huambiwa aanze na chumba kidogo, kana kwamba aibu hupimwa kwa mita za mraba. Hesabu haikubali. Chukua chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, yaani kama mita 3 kwa 3, chenye kuta za mita 2.7 kwenda juu. Ukiacha kutoa mlango na dirisha, kuta zake ni kama mita 32 za mraba, na kona nne. Sebule yenye pande mara mbili ya hizo ina kuta za mita 65 za mraba, na kona ni nne vilevile. Ukutani katikati mambo ni mepesi: unavuta ubao mnyoofu kutoka chini kwenda juu, unasogea. Kona ndiyo humuumbua mwanagenzi, kwa kuwa mwiko unaosawazisha upande huu unakwangua ule uliokwisha kupendeza. Tena lipu ya unene wa sentimita 1.5 katika kachumba hako ikiwa mbichi inakaribia tani moja, na yote iingie kwa karai mahali ambapo tayari pana jukwaa, ndoo na mtu. Asiporowanisha ukuta kwanza, tofali kavu litanywa maji ya lipu hiyo, na sehemu ya tani itarudi sakafuni kwa kishindo.

Watasema kabati litaficha kasoro. Kabati limenyooka, liegemeze kwenye ukuta wenye kitambi, nalo litatoa ushahidi hadharani, katikati likigusa na chini likiacha uchochoro wa panya. Watasema aende taratibu. Saruji haina subira hiyo: baada ya saa moja au mbili huanza kushika, naye humwagia maji ilainike. Hulainika kweli, ila nguvu imekwisha, na baadaye ukuta humwaga mchanga kwenye shuka. Hoja nzito kidogo ni ya joto, kwamba lipu nene hupoza chumba. Chini ya bati tupu joto kubwa la mchana hushuka kutoka juu. Kunenepesha lipu ni kumvalisha makoti mtu anayenyeshewa utosini. Fedha hiyo iende kwenye dari. Na mwenye hamu ya mwiko apewe uzio wa nyuma: ni mrefu, kona chache, na wakaguzi wake ni kuku.