Mifugo ya Coventry Haijambo

Kwa wazazi, shangazi, kaka na wote mlioko Buigiri, Dodoma: mbukwenyi. Mtoto wenu hajambo, mkwe wenu hajambo, na wajukuu zenu wanarefuka kuliko suruali zao. Hofu ni kwenu tu mlioko mbali. Mama anapopiga simu Jumapili huanza na watoto, akaja kwenye mvua, kisha akafikia swali lenyewe: mifugo je? Na kwa kuwa baba amekuwa akiwaambia wazee kwamba mwanawe anaishi Uingereza kama mgeni wa gesti, hana hata kuku, barua hii ya Novemba ni taarifa kamili ya mifugo.

Kuku wapo. Ni watatu, tena wastaafu.

Mashamba makubwa ya mayai huku humwondoa kuku akifikisha wiki 72 hivi, utagaji unapoanza kupungua. Buigiri kuku wa namna hiyo angeishia sufuriani siku mgeni wa kwanza anapobisha hodi. Huku kuna shirika, British Hen Welfare Trust, ambalo tangu 2005 kazi yake ni kuwatafutia kuku hao nyumba za kumalizia uzee. Mkwe wenu alijaza fomu, akaulizwa ukubwa wa banda, kimo cha uzio na kama mbweha wanapita mtaani. Maswali yalikuwa mengi kuliko yale wazee waliyomuuliza mtoto wenu alipokwenda kuposa. Kuku walifika wamenyonyoka manyoya, na siku ya pili bibi wa nyumba ya jirani akaleta sweta alizowafumia kwa mkono wake, zenye matundu ya mabawa. Picha mmeiona. Baba aliuliza wale ni watoto wa nani.

Kazi haikuishia hapo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mtu yeyote wa England na Wales anayefuga ndege, hata akiwa kuku mmoja wa mayai ya watoto, lazima ajiandikishe serikalini. Kasuku na wenzake wasiotoka nje ya nyumba ndio waliosamehewa. Sababu ni mafua ya ndege, na serikali haitanii: mwaka 2022, kuanzia tarehe 7 Novemba, kuku wote wa England waliamriwa kukaa ndani, na hawakuruhusiwa kutoka hadi tarehe 18 Aprili mwaka uliofuata. Yule jogoo wa shangazi anayezurura hadi barabara ya Morogoro na kurudi saa anayotaka, huku angekuwa mtoro wa kutafutwa.

Chakula nacho kina sheria. Mkwe wenu alisonga ugali, akakwangua ukoko ili awapelekee wazee wale. Mjukuu wenu mkubwa akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akatangaza kwamba mama yake anavunja sheria. Na kweli anavunja: Uingereza ni marufuku kumpa kuku mabaki yaliyopita jikoni, isipokuwa jiko hilo liwe la watu wasiogusa kabisa nyama, maziwa wala mayai. Marufuku hiyo ilitokana na ugonjwa wa miguu na midomo wa mwaka 2001, ambao inaaminika ulianzia kwa nguruwe waliolishwa makombo yasiyochemshwa, na mifugo zaidi ya milioni sita ikachinjwa kuuzuia. Kwa hiyo ukoko aliula mtoto wenu, na kuku wakanunuliwa chakula cha mfuko.

Paka yupo mmoja. Chini ya ngozi ya shingo ana kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, chenye namba yake. Mbwa walianza kuwekewa kwa lazima mwaka 2016, na paka wa England wakafuata tarehe 10 Juni 2024. Asiyemwekea paka wake anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 500, yaani zaidi ya shilingi milioni moja za kwetu, fedha ya kununulia mbuzi wa kutosha pale mnada wa Msalato. Isitoshe, paka huyu ana bima ya afya. Watu wanatibiwa na huduma ya taifa iliyoanza 1948, lakini mnyama hutibiwa kwa mfuko wa mwenyewe, na bili ya daktari wa mifugo inaweza kumfanya mfugaji naye ahitaji daktari. Habari hii ya bima mjomba aelezwe polepole, akiwa amekaa. Ana presha.

Kisha akaja mbwa. Si wetu, jirani alisafiri akamwacha. Baba atauelewa mpango huu, maana Mgogo naye humkabidhi rafiki ng'ombe wake amtunze, na mtunzaji akanywa maziwa. Tofauti ni kwamba mbwa hana maziwa, na alikuja na karatasi za maelekezo: saa ya kula, saa ya kutembezwa, mto anaoupenda na mto asioupenda. Wakati wa kumtembeza unabeba mifuko ya plastiki, na akijisaidia unaokota, maana ukiacha unatozwa faini. Mtoto wenu, aliyekulia kwenye samadi ya zizi, haoni aibu kuibeba. Kinachomshangaza ni kuibeba mtaa mzima halafu kuitupa, wakati shamba la mahindi la Buigiri linaililia.

Tarehe 5 Novemba ilikuwa kazi nyingine. Usiku huo Waingereza hulipua fataki kukumbuka njama ya mwaka 1605, ya watu waliotaka kumlipua mfalme pamoja na Bunge lake. Njama ilishindikana, lakini wanaoteseka hadi leo ni mbwa. Huyu wa jirani aliingia chini ya kitanda akatetemeka. Karatasi ilisema apigiwe muziki laini wa piano. Mkwe wenu hakuwa na piano, akaweka zeze la marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyewahi kulipiga hadi huku Uingereza. Mbwa akasikiliza, akajinyoosha, akaanza kukoroma. Jirani ameshaandikiwa jina la mwanamuziki huyo kwenye karatasi yake mwenyewe.

Mama aliposikia habari za mto aliuliza kama wazungu wanawapenda wanyama kuliko watoto. Mtoto wenu hatoi hukumu, anatoa tarehe tu: chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilianzishwa London mwaka 1824. Cha London cha kuzuia ukatili kwa watoto kilianzishwa 1884.

Lakini linalomnyima mtoto wenu usingizi ni karanga. Bibi yule wa sweta hununua karanga, anazijaza kwenye kikapu cha waya na kuzitundika kwenye mti kwa ajili ya ndege wa porini. Na si yeye peke yake. Dukani ziko rafu zake. Babu alitusimulia jinsi mwaka 1947 Waingereza walivyotua Kongwa, jirani zetu kabisa, na matrekta mengine yaliyoundwa kwa vifaru vya vita, kuja kulima karanga kwa sababu kwao mafuta ya kula yalikuwa haba. Mvua ikawagomea, udongo ukakauka ukawa mgumu kuliko majembe yao, na mwaka 1951 wakaachana na mradi huo baada ya kuzika humo takriban pauni milioni 36. Babu angeishi hadi leo, angesema hizi za mtini ndizo mavuno yenyewe. Na nyinyi mliokesha utoto wenu juu ya dungu mkiamia ndege, mkipiga kelele na kurusha mawe ili kwelea kwelea wasimalize mtama na uwele, jueni kwamba kuna nchi ambako ndege hubembelezwa waje kula. Mjukuu mdogo alipomwona ndege kwenye karanga alimfukuza, kama alivyofundishwa na bibi yake likizo iliyopita. Bibi wa sweta hajamsemesha tangu siku hiyo.

Baba aliuliza pia kuhusu ng'ombe. Tumewaona kwa mbali tukiwa kwenye treni, wanene, hawana nundu. Kila mmoja ana pasipoti. Huu si utani: ng'ombe wote waliozaliwa Uingereza tangu Julai 1996 wanazo. Ndama huvishwa hereni kabla hajamaliza siku 20, na pasipoti yake inatakiwa iwe imeombwa kabla ya siku 27. Mama, ambaye bado anadunduliza shilingi 150,000 za pasipoti ili aje kuwaona wajukuu, ameomba asisimuliwe tena habari za ndama huyo.

Hapo ndipo mtoto wenu anapofika kwenye ajenda yake. Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo kule Bariadi, Juni 2025, kaka mkubwa alisema kwenye simu kwamba hereni zitawaumiza mbuzi masikio. Swali ni moja: masikio ya mbuzi wa nani? Maana katika zizi la nyumbani mbuzi wa mtoto wenu mmoja alimeza nailoni, mwingine alichukuliwa na fisi, na yule aliyezaa mapacha, mapacha wakaonekana ni wa mbuzi wa kaka. Fisi wa Buigiri wanajua kusoma hadi majina.

Kwa heshima zote, basi, mtoto wenu anaomba mambo mawili. Kwanza, mama asitume samli kwa mtu yeyote anayesafiri, maana bidhaa za maziwa kutoka kwetu haziruhusiwi kuingizwa huku, na itaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege; bora apewe shangazi. Pili, kila mbuzi aliyebaki avishwe hereni yenye namba, kisha apigwe picha pembeni ya gazeti la siku hiyo, tarehe ionekane vizuri. Picha zitumwe mapema, maana mtoto wenu anajua ni mbuzi wa nani huugua ghafla kila ifikapo tarehe 24 Desemba.